Aliyekuja Kumnyamazisha Mtoto

Saa kumi na moja na robo jioni ilifika, ikapita, na mtoto hakulia.

Taratibu alikuwa ameinamia meza yake ya kazi kwenye chumba cha mbele, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, kibano mkononi, saa ya mteja iko wazi mbele yake na vyuma vyake vimepangwa juu ya kitambaa. Aliinua kichwa, akasikiliza. Nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, ambako alikuwa amemlaza mtoto, hapakuwa na kilio. Palikuwa na sauti nyingine, ndogo, ya polepole: pa, pa, pa. Sauti ya kiganja kinachompigapiga mtoto mgongoni kumbembeleza.

Ndani ya nyumba ile walikuwemo wawili tu, yeye na mtoto.

Mtu mwingine angeinuka kiti kikaanguka. Taratibu alikaa palepale. Alirudisha jicho kwenye saa, akaendelea kukaza skrubu. Hiyo ilikuwa jioni ya tatu ya namna ile. Baadaye, alipokuwa akijihukumu, jioni hii ilimuuma karibu sawa na ile ya kwanza: alisikia, akajua, akaendelea na kazi.

Jina la Taratibu alipewa na wateja. Alikuwa fundi wa saa, mtu asiye na haraka, na mikono yake ilikuwa haina haraka kumzidi. Angeweza kushika springi nyembamba kama unywele bila kuitetemesha. "Mpelekee Taratibu," watu waliambiana, "hata kama imekufa ataiamsha." Mkewe alikuwa mpishi kwenye hosteli ya chuo cha ualimu, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kuwaita watu mia mbili waje kula kwa mara moja. Walikaa miaka saba bila mtoto, na mtoto alipopatikana walimwita Bosi, kwa sababu, mkewe alisema, tangu aingie nyumbani hakuna aliyekaa chini bila ruhusa yake.

Wiki mbili za kwanza Bosi alikuwa mpole. Alinyonya, alilala, aliamka, alinyonya. Wiki ya tatu, jioni moja, alikunja miguu hadi tumboni, akakaza ngumi, tumbo likawa gumu kama ngoma, uso ukaiva, akaanza kulia. Hakikuwa kilio cha njaa, kwani alipewa ziwa akalikataa. Wala hakikuwa cha nepi. Alilia kwa saa tatu nzima, kisha akalala kama mtu aliyezimwa. Kesho yake, saa ileile, akaanza tena. Na kesho kutwa.

Wakampeleka kliniki. Muuguzi pale alikuwa mwanamama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye mguu mmoja. Alimpima Bosi uzito na joto, akambonyeza tumbo, akamgeuza huku na huku kama anayechagua kitambaa dukani.

"Mtoto wenu mzima," alisema. "Ananenepa, hana homa, hatapiki. Huu ni msokoto wa tumbo. Wengi wanaupata, na hakuna anayejua vizuri unatoka wapi."

"Dawa yake ni nini?" mkewe aliuliza.

"Siku. Utapanda mpaka wiki ya sita hivi, halafu utaanza kushuka. Akifika miezi mitatu au minne mtakuwa mnabishana kama kweli alilia hivyo. Akishanyonya, mcheulisheni. Mlazeni kifudifudi juu ya mkono, hivi, tumbo likae kwenye kiganja, mtembee naye. Siku moja itasaidia, siku nyingine haitasaidia kitu. Msijilaumu, hamjakosea. Ila akipata homa, au akitapika kijani, au akigoma kunyonya kabisa, hapo mleteni mbio."

Kisha akavua miwani na kumgeukia Taratibu. "Na wewe baba, nisikilize. Kuna siku mikono itakasirika kabla yako. Siku hiyo mlaze chali kitandani kwake, toka, funga mlango, kunywa maji, pumua dakika kumi. Mtoto hafi kwa kulia. Lakini usimtikise. Hata mara moja."

Taratibu alicheka. "Mama, mimi nashika springi za saa."

"Hao wapole ndio nawaambia," alisema muuguzi, akavaa miwani yake.

Likizo ya mkewe ilikuwa fupi. Bosi alipofikisha wiki tano, mama yake alirudi jikoni kwa wanachuo, zamu ya kuondoka nyumbani saa nane mchana na kurudi saa mbili na nusu usiku. Aliacha maziwa yake kwenye chupa, aliacha nepi zimekunjwa, aliacha maelekezo mara mbili mbili. Kwa hiyo zile saa tatu za kilio, ambazo wawili walizigawana na bado zikawashinda, zikabaki za Taratibu peke yake.

Alijitahidi. Mtu asije akasema hakujitahidi. Alimlaza juu ya mkono, akatembea naye kutoka meza hadi mlango, mlango hadi meza, mpaka akajua kila ufa wa sakafu ile. Alimcheulisha, alimwimbia nyimbo alizojua na akatunga asizojua. Alimwonyesha saa za ukutani. Bosi alilia. Jirani wa ukuta wa pili, mzee mstaafu mwenye usingizi wa jioni, alianza kugonga ukuta kwa fimbo. Wateja waliokuja kuchukua saa zao walisimama mlangoni wakasema, "Labda ana njaa, fundi," na Taratibu alitabasamu hadi mashavu yakauma.

Ile siku yenyewe ilikuwa Jumatano, wiki ya sita. Tangu asubuhi alikuwa na saa ya mfukoni ambayo mwenyewe aliitaka kabla ya jua kuzama. Bosi alianza kulia wakati wake, na kilio cha siku ile kilikuwa na ncha. Kiliingia sikioni kikawa kama bisibisi inayozungushwa taratibu ndani ya fuvu. Taratibu alimbeba kwa saa nzima. Fimbo ya jirani iligonga ukuta. Mteja alikuja, akaona saa yake bado vipande, akaondoka bila kuaga. Taratibu akageuka na mtoto mkononi, kiwiko kikapiga ukingo wa meza, na vyuma vyote vya ile saa, magurudumu, skrubu, springi, vikamwagika sakafuni na kupotea kwenye nyufa.

Hakukumbuka kumwinua. Alikumbuka kwamba alikuwa amemshika chini ya makwapa, uso kwa uso, na kwamba mikono yake ilikwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, na kichwa kile kidogo kikafuata kwa kuchelewa, kama kitu ambacho hakijafungwa vizuri. Mara tatu. Labda nne. Na sauti iliyokuwa ikisema "Nyamaza, nyamaza, nyamaza" ilikuwa yake mwenyewe, nayo haikupaa, ilikuwa ya chini kabisa.

Hapo ndipo nyuma ya sikio lake mtu akasema, "Nipe mimi."

Haikuwa sauti ya kiume wala ya kike. Ilikuwa ya upole, ya mtu aliyesubiri zamu yake kwa muda mrefu na hana kinyongo. Pamoja nayo ikaja harufu ya maziwa yaliyochemka yakaungua chini ya sufuria, ingawa jiko lilikuwa limezimwa tangu mchana. Nywele za kisogoni zilimsimama. Alijua kwamba hapakuwa na mtu nyumbani. Alijua vilevile, kwa uhakika wa ajabu, kwamba akiendelea kumshika mtoto yule dakika moja zaidi atamuua.

Akampa. Alinyoosha mikono nyuma bila kugeuka, na uzito ukatoka mikononi mwake.

Kilio kikakatika kama uzi.

Alipogeuka hakuona mtu. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umerudishiwa, na alipochungulia, Bosi alikuwa amelala kitandani kwake, chali, amefunikwa hadi kifuani kwa usafi ambao Taratibu hajawahi kuuweza. Alikuwa anapumua. Taratibu alikaa sakafuni, akawa anaokota skrubu moja moja huku meno yanagongana.

Mkewe aliporudi usiku alisimama mlangoni na viatu mkononi. "Mbona kimya hivi? Bosi yuko wapi?"

"Amelala. Tangu saa kumi na mbili."

"Umemfanyaje?"

Angeweza kusema. Swali lilikuwa limewekwa mbele yake, wazi kama sahani. "Nimejua namna ya kumshika," alijibu.

Mkewe alimwangalia, macho yakalengwa na machozi ya uchovu, akamkumbatia. "Mikono yako hiyo," alisema. "Mimi nilijua tu." Taratibu akasimama ndani ya mikono ya mkewe ameganda kama mti.

Kuanzia jioni ile nyumba ikatulia. Saa kumi kasoro Taratibu alimpa mtoto chupa, akamcheulisha, akamlaza, akarudishia mlango. Ilipofika saa ya msokoto alisikia kitanda kikilia kidogo, kama mtu amekaa ukingoni, halafu harufu ya maziwa yaliyoungua ikapita chini ya mlango, halafu pa, pa, pa. Alifanya kazi. Alimaliza saa zilizokuwa zimelala droo kwa mwezi. Jirani alikoma kugonga ukuta, hata akamsalimia. Usiku Taratibu aliitwa mume wa ajabu na akaupokea ule wema wote kama mtu anayekula chakula cha mwenzake gizani.

Alijiambia kwamba ni jambo jema. Alijiambia kwamba kiumbe yule, awe nani, alikuja wakati ambapo yeye alikuwa anataka kuua, na kwamba mwuaji hana haki ya kumuuliza mwokozi ametoka wapi. Jioni ya tisa, hata hivyo, alikuwa amesahau chupa ya maziwa chumbani, na akaona aibu kuogopa chumba chake mwenyewe jua likiwa bado linawaka dirishani. Akapiga moyo konde, akasukuma mlango.

Kitu kilikuwa kimekaa ukingoni mwa kitanda, kimempa mgongo. Kilikuwa kirefu kuliko mtu aliyekaa anavyopaswa kuwa, na umbo lake lilikuwa kama shuka zito lililotundikwa mahali pasipo na kamba, na mwanga wa jua uliokuwa umejaa chumba kizima ulikifikia ukaishia pale, usiende mbele. Kilikuwa kimembeba Bosi begani. Mikono tu ndiyo ilionekana wazi, mikono iliyokuwa ikimpigapiga mtoto mgongoni, pa, pa, pa, na Taratibu aliitazama ile mikono kwa muda kabla hajaelewa kwa nini anaifahamu, kwa maana kidole gumba cha kushoto kilikuwa na kovu jeupe la msumeno alilolipata siku za kujifunza kazi, na kucha zilikuwa na ukingo mweusi wa mafuta ya saa usiotoka hata kwa sabuni, na ile ilikuwa mikono yake.

Na Bosi alikuwa macho. Kichwa chake kilikuwa juu ya lile bega, anamtazama baba yake. Mdomo ulikuwa wazi hadi ufizi wa nyuma unaonekana, uso umeiva, machozi yanatiririka hadi shingoni, miguu imekunjwa, kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu zake zote. Alikuwa analia. Alikuwa analia kama siku zote, kwa maumivu yaleyale, na hakuna sauti hata chembe iliyokuwa ikitoka.

Taratibu alisimama pale kwa muda wa pumzi tatu. Kisha akarudi nyuma, akafunga mlango.

Alifunga mlango kwa sababu kulikuwa kimya. Hilo hakumwambia mtu yeyote baadaye. Aliona mwanawe anateseka, akaona kwamba mateso yale hayana kelele, na mkono wake ukavuta kitasa.

Chanjo ya wiki ya sita ilikuwa imewapita, wakaifuata wiki ya nane. Mkewe aliomba ruhusa kazini asubuhi ile, wakaenda wote. Njiani alikuwa amenyamaza, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Bosi halii tena," alisema hatimaye.

"Si tulikuwa tunaomba hilo?"

"Nasema halii kabisa. Jana usiku niliamka maziwa yamejaa hadi nguo imelowa. Nikamtazama, amefumbua macho, ananyonya ngumi. Alikuwa na njaa, sijui tangu lini. Hakuniita." Alimvuta mtoto kifuani. "Mtoto asipoita, mama yake atajuaje?"

Taratibu aliongeza hatua.

Muuguzi mwenye miwani ya uzi alifuta paja la Bosi kwa pamba, akachoma sindano. Mdomo wa mtoto ukafunguka. Machozi yakatoka. Mwili ukajikaza wote. Chumba kikabaki kimya, isipokuwa watoto wa watu wengine waliokuwa wakilia kwenye foleni huko nje. Muuguzi akasimama na bomba la sindano mkononi. Akachoma ya pili, paja jingine. Vilevile.

Alitumia muda mrefu kumkagua koo, masikio, macho. Uzito ulikuwa umepungua. Mwishowe aliuliza, huku anaandika ili asimwangalie mtu usoni, "Mtoto huyu aliwahi kuanguka? Kuna mtu aliwahi kumshika kwa nguvu?"

"Hapana," alisema mkewe.

Muuguzi akasubiri. "Na baba?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hapana," alisema.

Wakapewa barua ya kwenda hospitali kubwa kwa daktari wa watoto, Jumatatu. Lakini siku ileile mkewe hakurudi kazini. Alikwenda kumwita mkunga mmoja mzee, aliyemzalisha mama yake akampata yeye, mwanamke ambaye watu walisema amewapokea viumbe wengi mno hata akajifunza kuwatambua wasiokuwa watu. Mkunga alifika kabla ya saa kumi na moja. Alikuwa mfupi, ameshika mkoba wa plastiki, na alipoingia tu alinusa hewa mara mbili.

"Nani ameunguza maziwa?"

"Hakuna aliyechemsha, bibi," alisema mke.

Mkunga alimtuma mke jikoni akachemshe maji, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, mkabala na Taratibu. Wakasubiri, Bosi amelazwa chumbani. Saa ilipofika kitanda kikalia chumbani, na ile pa, pa, pa ikaanza. Mkunga alisikiliza kwa utulivu kama anayesikiliza mapigo ya moyo tumboni mwa mjamzito.

"Msokoto wa tumbo ni wa mtoto," alisema kwa sauti ya chini. "Msije mkasema jini limewaletea. Hata watoto wa wafalme wanakunja miguu wakalia. Huyu mgeni ni mambo mengine. Hawa hawaingii nyumba kwa sababu mtoto analia. Wanaingia mtu anapomkabidhi mtoto wake. Wewe ulimkabidhi."

Taratibu aliinamisha kichwa.

"Amechukua sauti tu. Maumivu ameyaacha palepale. Akishazoea, atachukua na yaliyobaki."

"Mfukuze, bibi. Nakuomba."

"Mimi simfukuzi. Ana mahali pa kukaa. Amekalia kitu ambacho hujakisema."

Machozi yakamtoka Taratibu. "Bibi, siku ile Jumatano mimi nili..."

Mkunga akainua kiganja kumzuia. "Usiniambie mimi. Mimi sina mtoto humu." Akageuza uso kuelekea jikoni, akaita, "Mwanangu, acha hayo maji. Njoo ukae na mumeo."

Mke alikuja akifuta mikono. Mkunga akainuka, akamwachia kiti, akaenda kusimama kwenye mlango wa nje, kama mtu anayewapa wageni nafasi ya kutoka.

"Kuna nini?" mke aliuliza, kwa kunong'ona, maana naye sasa alikuwa akisikia. Alitazama mlango wa chumba. "Nani yuko na mtoto?"

Taratibu alifungua mdomo, na kabla neno halijatoka ile sauti ikaja nyuma ya sikio lake, ya upole kama mara ya kwanza, ila safari hii ilikuwa sauti yake yeye, ikamwambia usiseme, ukisema ataanza kulia tena na hutaweza, unajua kwamba hutaweza, mikono ni ileile, na huyu mwanamke ambaye anakuita mume wa ajabu hatakuita hivyo tena maisha yako yote, mwache mtoto kwangu, mimi sichoki, mimi sikasiriki, mimi sina meza wala wateja wala jirani, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikazidi hadi macho yakamwasha, na ile pa, pa, pa ikaongeza kasi na uzito mpaka haikuwa tena ya kubembeleza, ikawa kama mtu anakung'uta mkeka, na ndani ya kila pigo Taratibu alijua kuna mgongo mdogo ambao hauwezi kusema inatosha.

"Nilimtikisa," alisema.

Mkewe hakuelewa. "Nini?"

"Nilimtikisa Bosi. Jumatano ile niliyokwambia nimejua namna ya kumshika. Nilimshika makwapani nikamtikisa, mara tatu au nne, kichwa kilikuwa kinakwenda huku na huku. Nilitaka anyamaze. Sikujali kama atanyamaza milele. Halafu kuna mtu akasema nipe, nikampa. Nimekuwa nikimpa kila siku. Kliniki niliulizwa nikasema hapana."

Mapigo yakakoma. Kwa muda nyumba haikuwa na sauti yoyote, hata ya saa. Kisha kutoka chumbani kikatoka kilio, kwanza kikavu, cha mkwaruzo, kama bawaba isiyofunguliwa siku nyingi, halafu kikapanuka, kikajaa, kikapanda hadi kwenye mabati. Upepo baridi ulipita katikati yao, ukawapita miguuni, na mkunga akasogea upande mmoja mlangoni kuupisha. Kwa ukuta wa pili fimbo ya jirani ikagonga.

Mkewe alikwishafika chumbani. Alitoka na mtoto amemkumbatia kwa mikono yote miwili, shuka linaburuta, uso umemkauka. Hakumpigia mumewe kelele. Yeye mwenye sauti ya kuita watu mia mbili aliongea kwa kunong'ona.

"Vaa viatu. Hatungoji Jumatatu. Utamwambia daktari, kwa mdomo wako."

Alimwambia daktari. Alimwambia akiwa amesimama, mtoto analia mikononi mwa mama yake, na daktari kijana akaacha kuandika, akamtazama, kisha akarudia maswali yote pole pole: mara ngapi, kwa nguvu kiasi gani, alitapika baada ya hapo, alilegea. Walimmulika Bosi machoni kwa taa ndogo, wakampapasa utosi, wakampiga picha ya kichwa. Walikaa hospitali siku tatu. Damu haikuonekana kichwani wala nyuma ya macho. "Mmebahatika," daktari alisema, na neno lile likamchoma Taratibu kuliko tusi. Kwenye kadi ya mtoto yakaandikwa maelezo ya mistari mitano, na kila mara walipokwenda kliniki baada ya hapo, muuguzi mwenye miwani ya uzi aliisoma kwanza ile mistari kabla ya kumwamkia. Hakumgombeza hata siku moja. Taratibu angependa agombezwe.

Kilio kiliendelea wiki baada ya wiki. Mkunga alikuwa akija kila jioni na mkoba wake wa plastiki, akakaa kwenye kiti cha wateja, kwa sababu mkewe alisema wazi kwamba hatamwacha mtoto na baba yake peke yao. Taratibu alimlaza Bosi juu ya mkono, akatembea. Alipokuwa ametoka mezani kwenda mlangoni mara mia na bado mtoto analia, na akaanza kuhisi ule moto mdogo kwenye vifundo vya vidole, alimlaza chali kitandani, akatoka, akafunga mlango, akasimama uani na kikombe cha maji. Kilio kilimfuata hadi pale. Alikunywa. Alihesabu pumzi. Mkunga alikuwa anaangalia tu. Baada ya dakika kumi alirudi ndani, akamwinua mtoto, akatembea tena. Jioni nyingine alifanya hivyo mara nne. Harufu ya maziwa haikurudi.

Mwezi wa nne ulipoingia, kilio kikafupika kuwa saa mbili, kisha saa moja, kisha nusu. Mkewe alikuwa amebadilishiwa zamu, sasa alishinda asubuhi jikoni na jioni alikuwa nyumbani. Jumapili moja wote watatu walikuwa kwenye chumba cha mbele, Bosi amelazwa juu ya mkeka anachezea vidole vyake, na saa kumi na moja na robo ikafika. Ikafika na nusu. Ikafika saa kumi na mbili kasoro.

Bosi alikuwa macho, mkavu, ameshiba. Alikuwa kimya.

Taratibu aliweka kibano chini. Mkewe alikuwa ameacha kufuma kitambaa chake. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Walimtazama mtoto, mdomo wake, kifua chake, miguu yake iliyonyooka bila maumivu, na kila mmoja alijua kwamba hii ndiyo ile siku waliyoahidiwa, siku ya msokoto kuisha, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuipokea.

"Mfinye," mkewe alinong'ona.

Taratibu alitazama mikono yake, akaikalia. "Siwezi."

Mkewe akapiga magoti mkekani. Akashika wayo mmoja wa mtoto, mlaini, usio na kosa, akaubana kati ya kidole na kucha.

Bosi alimwangalia mama yake kwa mshangao mkubwa, midomo ikatetemeka, kisha akaangua kilio kilichojaa nyumba nzima. Mkewe alimwinua haraka, akamkumbatia, akambusu kichwani huku anasema nisamehe, nisamehe, nisamehe baba, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Taratibu alikaa palepale juu ya mikono yake, akakisikiliza kile kilio mpaka mwisho. Mkewe hakumpa mtoto ambebe, naye hakuomba.